Masomo, Bati na Kura ya Komini: Mtoto ni wa Nani?

Kuna ulizo moja ambalo linanisumbua tangu mwisho wa mwaka 2023, na nimeona heri nililete hapa, mahali tunapozungumza juu ya mila, kuliko kulipeleka kwenye mkutano wa siasa. Ulizo lenyewe ni hili: mtu akitengeneza masomo ya watoto wako ili umpigie kura, je, unabaki na deni kwake? Na kama ulipokea bati lake kisha ukamchagua mwingine, wewe ni mwizi ama ni mtu mwenye akili?

Wengine watasema hayo ni mambo ya siasa, mila haimo. Mimi naona mila imo kabisa. Kupokea na kurudisha, kulea mtoto na kujibu juu yake, hayo wazee wetu waliyafikiri mbele yetu, na pengine kwa makini kuliko sisi tulio na diplome.

Kwanza nieleze mambo yalivyokuwa. Tarehe 20 Desemba 2023, katika miji mikuu ya majimbo ya inchi yetu, watu walipiga kura ine kwa siku moja: ya rais, ya depite wa taifa, ya depite wa jimbo, na ya konseye wa komini. Hiyo ya ine ndiyo ilikuwa mpya kwa wengi wetu. Hapa Lubumbashi ni wazee wachache sana waliokumbuka uchaguzi wa komini wa Desemba 1957, wakati mji ungali unaitwa Elisabethville. Wabelgiji waliruhusu uchaguzi huo kwanza katika miji mitatu: Léopoldville, Elisabethville na Jadotville. Wanaume peke yao ndio walipiga kura. Mama aliyeamka saa kumi na moja kumtayarisha mtoto kwenda ku masomo, yeye hakuulizwa neno.

Hata wakati ule masomo yalikuwa ndani ya siasa. Tangu 1954 waziri wa makoloni, Auguste Buisseret, alikuwa amefungulia watoto weusi masomo ya Leta, na wamisionere wa Katolika walikasirika sana, kwa sababu mbele ya hapo kufundisha mtoto mweusi ilikuwa karibu kazi ya misioni peke yake. Ugomvi wa Ubelgiji ukaletwa kwetu kama mzigo kwenye meli. Kisha uchaguzi, ugomvi mwingine ukachukua nafasi: kati ya maburgumestri weusi wa Elisabethville, wengi walikuwa wametoka nje ya Katanga, na mwaka 1958 CONAKAT ikazaliwa. Badala ya kuuliza "nani atatengeneza mji?" watu wakaanza kuuliza "anatoka wapi?" Ulizo hilo la pili lingali linatutafuna mpaka leo, lakini sitaki kuliingia hapa, maana halina mwisho.

Turudi kwa 2023. Makandida wa komini walikuwa wengi, sura zao zilijaa kwenye mashini ya kura, na watu hawakuwajua. Mama wa kartie atachagua namna gani kati ya sura hizo? Atachagua kwa njia ya mtoto wake. Ndiyo maana karibu kila kandida alikuja na neno la masomo mdomoni.

Neno hilo lilipata nguvu kwa sababu watu walikuwa wameteseka. Tangu miaka ya 1990, wakati Leta ilishindwa kulipa walimu, wazazi ndio waliotulipa kwa ile feza tuliyoiita prime. Katiba ya mwaka 2006, katika kipengele cha 43, iliandika kwamba masomo ya msingi ya Leta ni ya bure. Lakini ilibidi kungoja Septemba 2019 ili neno hilo lianze kutimizwa. Mimi sisemi vibaya juu ya gratuité. Nimeona wasichana waliokuwa wakiuza maji njiani wakirudi darasani. Lakini madarasa yalijaa mpaka walimu wa primere, wenzangu, wakakuta watoto wane kwenye kiti cha wawili, na wengine chini. Sisi wa sekondere, wazazi wetu waliendelea kulipa. Na walimu wengi wasiokuwa bado kwenye listi ya mishahara ya Leta, ile prime iliyokuwa ikiwasaidia ikakatika.

Basi kandida wa kwanza aliahidi kuondoa malipo yote ya sekondere. Wa pili akaahidi kwamba walimu wote wasiolipwa wataingia kwenye listi. Wa tatu akaleta bati.

Wale wawili wa kwanza waliahidi kitu ambacho konseye wa komini hana mkono ndani yake. Mshahara wa mwalimu unaamuliwa Kinshasa. Programu ya kufundisha, vilevile. Masomo mengi yako chini ya makanisa tangu mapatano ya mwaka 1977: kanisa linaongoza, Leta inalipa. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaipa komini njia ya kuanzisha masomo na kutengeneza nyumba zake, na inasema kwamba asilimia 40 ya feza ambayo jimbo linapata kutoka mapato ya taifa itashuka mpaka kwa komini na wenzake. Lakini muulize mtu yeyote anayetumika ku komini ginsi feza hiyo inavyofika. Atacheka kwanza, kisha ndipo atajibu.

Kwa hiyo, kati ya wale watatu, aliyeleta bati ndiye alikuwa karibu na kweli. Na hapo ndipo ulizo langu linapokuwa gumu, ju mimi nilikuwa pale.

Masomo niliyofundisha wakati ule yalikuwa na nyumba ya madarasa sita. Upepo wa mvua za kwanza ulikuwa umeng'oa paa. Kandida alileta bati za madarasa matatu. Zile za matatu mengine, alisema, zitakuja kisha kura. Tukaombwa sisi walimu tukusanye watoto wamshukuru. Hakuna aliyenilazimisha. Mimi mwenyewe nilichukua wimbo wa zamani wa kupokea wageni, nikaweka jina lake ndani yake, nikawafundisha watoto siku mbili, saa nzima kila siku, saa ambayo ilikuwa ya jiografia.

Juma lililofuata, kwenye somo la elimu ya uraia, kijana mmoja wa mwaka wa tatu aliinua mkono. "Mwalimu, ulitufundisha asema kura ni ya siri. Sasa ju ya nini shiye tunaimba jina yake?" Darasa likanyamaza. Nilimwambia tutaongea siku ingine. Hatukuongea.

Siku ya uchaguzi, kama kawaida ya inchi yetu, madarasa ndiyo yaligeuka biro za kura. Watu walipiga kura yao chini ya bati zile. Na yule kandida hakushinda.

Alirudi mwezi wa kwanza. Hakuja na hasira ya kelele. Alikuja na masikitiko, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alisimama mbele ya komite ya wazazi akasema: "Mulikula bintu yangu, kisha mukanitupa." Wazee wengine waliinamisha kichwa. Ni mama mmoja, muuzaji wa unga, aliyemjibu: "Papa, tunakuambia aksanti. Lakini mvula haiulizake nani alileta bati. Inaanguka tu." Watu wakacheka kidogo, naye akaenda zake. Yale madarasa matatu mengine yakabaki bila paa.

Nimelifikiri jibu la yule mama mara nyingi. Ni jibu la nguvu: mtoto analowa leo, siyo kesho, na mzazi anayekataa bati ili alinde heshima ya kura yake analinda heshima kwa mgongo wa mtoto. Lakini ni nusu ya jibu. Halisemi kama tulikuwa na deni ama hapana.

Nusu ingine nimeitafuta kwa kambo yangu, aliyetoka upande wa Dilolo, na ambaye alipita mukanda. Mimi nilizaliwa mjini, sikupita. Ninasema tu yale aliyonisimulia na yale ambayo wenye mila hiyo, Wachokwe, Walunda na Waluvale, wanakubali kusema mbele ya watu. Vijana walipelekwa nje ya kijiji, wakakaa kule miezi mingi. Wamama walipika kila siku, chakula kikapelekwa kambini, lakini wao wenyewe hawakuruhusiwa kukaribia. Kijiji kizima kililisha kambi. Mwenye shamba kubwa alitoa mihogo mingi, mjane alitoa kidogo. Na kila kijana alikuwa na mlinzi wake, chilombola, aliyemwosha kidonda, aliyemfundisha, aliyelala karibu naye.

Siku ya kutoka, vijana waliingia kijijini kwa ngoma. Kambo alisema mama yake alimtazama toka miguu mpaka kichwa, pole pole, kama mtu anayehesabu feza. Siku ile, akasema, hakuna mtu aliyeuliza nani alitoa mihogo mingi. Waliuliza tu: mtoto iko namna gani? Na aliyeulizwa alikuwa chilombola.

Nadhani hapo ndipo penye jibu. Kulisha kambi ni kazi moja, kujibu juu ya mtoto ni kazi ingine. Mwenye mihogo mingi alishukuriwa, alisifiwa, pengine alipewa kuku. Lakini mihogo yake haikumfanya chilombola. Kura ya komini ni ya kuchagua chilombola: mtu atakayesimama mbele ya mama siku ya kutoka, aseme feza ya komini ilipita wapi na paa limefika wapi. Yule kandida alitoa mihogo, akataka kazi ya chilombola kama malipo. Deni letu kwake lilikuwa aksanti ya kweli, ya wazi, na yule mama aliilipa. Kura haikuwa ndani ya deni hilo.

Mtu ataniambia: lakini wazee wetu pia walijua zawadi inayofunga mtu. Ni kweli. Kwa Waluba chifu alipokea mulambu, na chifu aliyepokea bila kugawa aliharibu jina lake. Lakini tazama zawadi ile inamfunga nani: inamfunga mkubwa kwa watu wake. Sisi tumeigeuza, inamfunga mama wa unga kwa mtu mwenye gari.

Na sitaki kuupamba mukanda kupita kiasi. Ulikuwa na hofu ndani yake, na kijana aliyekufa kule hakuliliwa wazi wazi. Mama alipika miezi yote bila kuwa na ruhusa ya kuuliza lolote mpaka siku ya mwisho. Hilo linafanana kidogo na 1957, na linafanana sana na komite zetu za wazazi, ambamo wamama wanaleta feza na wababa wanaweka sahihi. Sipendi turudishe mila hiyo yote. Ninachukua ile siku ya kutoka tu.

Inabaki sehemu yangu. Kura ya wazazi haikununuliwa, matokeo yalionyesha. Kilichonunuliwa pale kwetu ni wimbo, na mimi ndiye muuzaji. Wale watoto hawakuwa na kura. Walikuwa wamekabidhiwa kwangu, mimi nilikuwa chilombola wao kwa saa ile ya jiografia, na nikawapeleka wakachezee mwenye mihogo. Nikisema nilifanya kwa ajili ya paa lao, ni kweli. Yule kijana alijua ni kweli, na bado aliinua mkono.

Nilimtafuta mwaka uliofuata, mbele hajamaliza, nikamwambia kwamba siku ile alikuwa na haki na mimi sikuwa na jibu. Alionekana kama amesahau. Pengine alikuwa ananionea huruma.

Kuhusu konseye aliyeshinda, hakuwa mtu mbaya. Hakuahidi masomo yetu kitu, kwa hiyo hakuona kama anadaiwa kitu. Mama wa unga ndiye alitaka aitwe. Tulibishana: wengine walitaka kwenda kumwomba bati, na kuanza tena hadithi ileile na mtu mwingine. Yeye akakataa. "Hatuombe," alisema. "Tunamuita, atuambie." Tukaandika barua, sahihi ya kwanza ikiwa yake. Ya kwanza haikujibiwa, ya pili vilevile. Kisha barua ya tatu akapiga simu, akasema atakuja siku ya posho saa tatu. Tuliweka kiti chake mbele, karibu na tablo, katika darasa lisilo na paa.