Joka ni Nini?

Sisi walimu hupenda fasili fupi. Tuseme basi: joka ni nyoka mkubwa mwenye mabawa, atemaye moto. Fasili hiyo yalitosha joka la Ulaya. Lakini la Uchina kwa kawaida halina mabawa, na kazi yake ni kuleta mvua. Je, tulifukuze? Wachina watatushangaa, na wana haki.

Kwa majoka huu ni mchezo tu. Wamakonde waliotoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, pwani ya Kenya, walizaa huko, wakazikana huko. Hata hivyo wengi wao hawakutambuliwa kuwa raia hadi mwaka 2016. Mwaka uliofuata wakatangazwa kabila la 43. Ndani yao kilibadilika nini? Mimi sikioni.