Ushahidi wa Mtumwa na Deni la Msikilizaji

Je, neno lililotamkwa kwa hofu laweza kuitwa uwongo? Immanuel Kant, katika makala yake ya mwaka 1797, alishikilia kwamba mtu hana haki ya kusema uwongo hata kwa muuaji aliyebisha mlangoni akimsaka rafiki aliyefichwa ndani. Aghalabu msimamo huo hujadiliwa kwa mifano ya kubuni. Simulizi za waliokuwa watumwa nchini Marekani zaupa mtihani mgumu zaidi, kwa kuwa humo aliyebisha mlangoni alikuja na kalamu.

Kati ya 1936 na 1938, wakati Mdororo Mkuu wa Uchumi ulipokuwa umewasukuma wengi katika ufukara, mradi wa waandishi ulioendeshwa na serikali kuu ulikusanya simulizi zaidi ya 2,300 kutoka majimbo 17. Wasimulizi walikuwa wazee waliozaliwa utumwani, kabla ya Marekebisho ya 13 ya Katiba kuupiga marufuku utumwa mwaka 1865. Wahojaji walio wengi walikuwa Wazungu, na baadhi yao walikuwa wa ukoo wa mabwana wa zamani.

Mmoja wa wasimulizi hao alikuwa Susan Hamlin wa Charleston, bibi kizee aliyesemekana kuwa amepita miaka 100. Mwaka 1937 alihojiwa na mwanamke Mzungu, Jessie Butler. Alimweleza kwamba Bwana Fuller, aliyemmiliki, alikuwa mtu mwema. Bibi huyo huyo alihojiwa pia na Augustus Ladson, mwanamume Mweusi. Hapo simulizi ikageuka: wanawake walitundikwa darini wakachapwa, watumwa wenzao wakilazimishwa kutazama, usiku na mchana vilisikika vilio vya watu ambao mzazi au ndugu yao alikuwa ameuzwa bila kuagwa.

Msomaji mwepesi atasema bibi alimdanganya Butler. Lakini Butler mwenyewe aliandika jambo ambalo halistahili kupitwa haraka. Hamlin alidhani mgeni huyo ametoka katika ofisi ya misaada iliyokuwa ikimsaidia kabla haijafungwa, naye Butler hakumsahihisha. Bibi hakujua hata kwamba lengo la ziara ile lilikuwa kupata kisa cha utumwa wake. Basi udanganyifu wa kwanza pale mlangoni ulikuwa wa msikilizaji, na ulifanywa kwa kunyamaza. Mla ni mla leo. Mwenye njaa anayedhani anazungumza na mgawaji wa chakula hawezi kupimwa kwa mizani ile ile anayopimiwa mwenye shibe. Kanuni ya Kant yachukulia kwamba wanaozungumza wamesimama sawa, na usawa huo haukuwapo.

Hata hivyo, si haki kuitupa simulizi ya kwanza na kuiita ya pili ndiyo kweli tupu. Wanahistoria walikwisha kukosea kwa upande mwingine. U. B. Phillips, katika kitabu chake cha 1918, aliutegemea ushahidi wa wenye mashamba na kuudharau wa watumwa. George Rawick alipoanza kuzichapisha simulizi hizi mwaka 1972, John Blassingame alionya, na kwa sababu nzuri, juu ya nafasi ya mhojaji. Onyo hilo lamhusu Ladson pia, kwani naye alikuwa hadhira, na hadhira huvuta maneno yake. Yumkini Hamlin aliamini kweli kwamba Fuller alikuwa nafuu kuliko wengine. Unafuu wa bwana na kiboko cha bwana vyaweza kukaa katika kumbukumbu moja bila kimoja kukifuta kingine.

Kuna pia suala la lugha. Mshairi Sterling Brown, mhariri wa mradi ule, aliwasihi wahojaji wahifadhi nahau za wasimulizi badala ya kuhangaikia matamshi. Wengi hawakumsikia. Waliyaendeleza maneno kwa upotofu hata msomaji akaona ujinga mahali palipokuwa na tahadhari.

Butler ameliandika jina la bibi huyo Hamlin. Ladson ameliandika Hamilton. Asiyezisoma simulizi hizo mbili kwa makini hudhani ni vikongwe wawili.