Mgeni wa Siku Mbili

Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, nami nilifuata ajira huko. Kila Jumapili hupanda basi Singida, nikapitia Manyoni, yapata kilomita 240. Nyumbani hurudi Ijumaa usiku. Nikifika huchinjiwa kuku, nikapewa kiti kizuri. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku yangu ya tatu haijawahi kufika.

Alizeti hulima mke wangu. Majuzi nilimkemea mwanangu. Alimtazama mama yake kwanza, ndipo akatii. Je, mleta mshahara ana haki ya kukemea? Nadhani haki hiyo huzaliwa na kuwapo, ingawa bila mshahara madaftari yangetoka wapi?

Kesho yake, Jumapili, niliomba jembe. Mke wangu akacheka: “Baba watoto, basi litakuacha.”