Mwenye Nyumba na Mpangaji: Somo Kutoka Madyan

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baad.



Kila muhula unapofunguliwa hapa Mbarara, maswali mengi yanayoletwa baada ya swala ya Ijumaa hayahusu mitihani. Yanahusu vyumba. Mwenye nyumba ameongeza kodi katikati ya muhula. Mwenye nyumba ameingia chumbani mimi nikiwa darasani. Mwenye nyumba amegoma kurudisha dipoziti. Na kwa wenzetu ambao wazazi wao wako Rubondo, kule kambi ya Nakivale, maswali huja kutoka upande wa pili: mzee ana vyumba vitatu pale senta, mpangaji hajalipa miezi minne, afanye nini asije akamkosea Allah?

Maswali haya yanajibika kwa pamoja. Wengi wetu ni wapangaji leo, na kesho tutakuwa wenye nyumba. Kijana wa Uganda akimaliza chuo na kupata kazi, jengo lake la kwanza mara nyingi ni mizigo, vile vyumba vya mstari mmoja chini ya bati. Biashara hii tutaiingia, kwa hiyo tuijue dini inasemaje kabla hatujashika funguo za watu.

Fungua Suratul-Qasas, aya ya 22 mpaka 28. Nabii Musa (a.s.) ametoka Misri mbio, roho mkononi, hana chakula wala mwenyeji. Kwa lugha ya leo ni mkimbizi. Anafika kwenye maji ya Madyan, anawanyweshea wanyama mabinti wawili, kisha anakwenda kukaa kivulini na kumwomba Mola wake. Baba wa wale mabinti anamwita. Qur'ani haikumtaja mzee huyo kwa jina, ingawa wengi wanasema ni Nabii Shuaib (a.s.). Jambo la kwanza anaposikia habari za Musa ni kumtuliza kwamba asiogope, ameshaokoka na watu madhalimu. Usalama wa mgeni umetangulia, na mambo ya makubaliano yamefuata baadaye.

Kisha wakaingia kwenye mkataba. Ulikuwa mkataba wa kazi na wa ndoa, lakini neno lililotumika humo lina asili moja na neno ijara, ambalo wanazuoni wa fiqhi wanalitumia kwa ujira wa mtu na kwa kodi ya nyumba pia. Sikiliza ulivyopangwa. Muda umetajwa, miaka minane. Akitimiza kumi, ile miwili ni hiari yake, wala hadaiwi. Mzee anasema wazi kwamba hana nia ya kumtaabisha. Naye Musa, mgeni asiye na kitu, anapewa nafasi ya kusema lake: muda wowote kati ya hiyo miwili akiutimiza, asidhulumiwe. Mwishoni wakamfanya Allah kuwa shahidi wa waliyoyasema.

Tafadhali rudia kusoma aya hizo ukiwa na mwenye nyumba wako akilini. Haki imetajwa kwanza, mpaka wake ukajulikana, kisha wema ukawekwa juu yake kama ziada. Hata Suratun-Nahl aya ya 90, ile tunayoisikia kila Ijumaa mwishoni mwa khutba, imetaja uadilifu kabla ya ihsani. Sisi tunapenda kugeuza. Tunaanza na ihsani: "Karibu mwanangu, wewe ni mtoto wa nyumbani, pesa tutaelewana tu." Hakuna kilichoandikwa, hakuna tarehe, haijulikani nani analipa umeme wa Yaka wala nani anaita watu wa kuzibua choo. Mwezi wa tatu ule utoto wa nyumbani umekwisha. Mwenye nyumba anaona ametumiwa vibaya, mpangaji anaona amedanganywa, na wote wawili wanasema kweli.

Kwa hiyo mwenye nyumba anayetaka kukaa na watu miaka mingi, na asemeshane nao siku ya kwanza. Kodi ni kiasi gani na inalipwa lini. Mkataba ni wa muda gani. Mita ya umeme ni ya nani, na kama vyumba vinne vinatumia mita moja, yuniti zinagawanywaje (hili peke yake limegombanisha watu wengi kuliko kodi). Notisi ya kuhama ni ya siku ngapi. Suratul-Baqara aya ya 282, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imekuja kufundisha kuandika deni na kuweka mashahidi, kwa hiyo mtu asione aibu kumwandikisha Muislamu mwenzake. Hapa mjini mwiteni mwenyekiti wa LC1 ashuhudie. Kambini wapo viongozi wa RWC. Na mkataba uandikwe kwa lugha ambayo wote wawili wanaielewa. Rubondo utamkuta mama wa Kivu anayesoma Kiswahili tu ameweka dole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza. Huyo ameridhia nini? Na ridhaa ndiyo iliyofanya mali ya mtu iwe halali kwetu, kwa Suratun-Nisaa aya ya 29.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wenye nyumba wengi, hata wanaoswali safu ya mbele, hawajaambiwa. Ukipangisha nyumba, umeuza manufaa yake kwa muda uliotajwa. Kuta zimebaki zako, bati lako, ardhi yako kama ni yako. Lakini kukaa humo ndani, kufunga mlango, kulala na kuamka, hayo kwa muda huo ni mali ya mpangaji. Ndivyo wanazuoni wanavyoieleza ijara. Ukishalielewa hilo, aya ya 27 ya Suratun-Nur, inayotukataza kuingia nyumba za wengine mpaka tupate idhini na tuwasalimie wenyeji wake, inakuhusu wewe uliyeijenga nyumba hiyo. Ufunguo wa akiba ulio mfukoni mwako si idhini. Dada zetu wanaopanga nje ya chuo wamelalamika sana juu ya hili, na wana haki. Mwanamke amevua hijabu yake chumbani kwake, na mzee anasukuma mlango eti amekuja kuangalia bomba! Bisha hodi mara tatu, na usipojibiwa rudi. Bomba litasubiri.

Na kama bomba limevunjika kweli, litengeneze. Kilichouzwa ni manufaa, na nyumba inayovuja haina manufaa kamili. Paa, mlango, choo, yale ambayo bila hayo mtu hawezi kukaa, ni juu ya mwenye nyumba, na nyumba ikiharibika hata isikalike, kodi ya siku hizo haina msingi. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina mwaka 622 alifikia nyumbani kwa Abu Ayyub al-Ansari (r.a.), akakaa chini, na mwenye nyumba na mkewe wakakaa juu. Siku moja chungu cha maji kikawavunjikia. Wakachukua blanketi lao, na hawakuwa na jingine, wakalikausha nalo sakafuni, kwa kuchelea tone lisimdondokee mgeni wao aliye chini. Wenye hosteli za ghorofa wa Kakoba na Nyamityobora, hiki kisa ni chenu.

Kuhusu kuongeza kodi: ndani ya muda mliokubaliana, haiongezwi. Allah ameanza Suratul-Maida kwa kuamrisha waumini watimize mikataba. Muda ukiisha, mwenye mali ana haki ya kutaja bei mpya, na mpangaji ana haki ya kukubali au kuhama. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 hapa Uganda imeweka kikomo: nyongeza isizidi asilimia 10 kwa mwaka. Chumba cha shilingi 100,000 kisipande mwaka huo kupita 110,000. Muislamu anaishi chini ya sheria hiyo kama raia mwenzake yeyote, na asitafute njia ya kuizunguka kwa kuita nyongeza "pesa ya taka".

Twende kwa mzee wa Rubondo na mpangaji wake wa miezi minne. Tangu mwaka 2023 mgawo wa chakula na fedha kwa wakimbizi wa Uganda umepunguzwa, na familia zimepangwa kwa madaraja ya uhitaji. Mtu aliyekuwa akilipa chumba kutokana na alichobakiza hana tena cha kubakiza. Huyo ndiye anayetajwa na Suratul-Baqara aya ya 280: mwenye dhiki apewe muhula mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni bora zaidi. Imepokelewa na Bukhari na Muslim habari ya mfanyabiashara wa zamani aliyekuwa akiwaagiza vijana wake wampitishe mdaiwa mwenye shida, akitumaini Allah naye atampitisha, na Allah akampitisha. Kwa hiyo mzee akae naye, wahesabu deni, waliandike, walikate vipande vidogo vidogo. Akiweza kusamehe mwezi mmoja, asamehe kwa kutamka, ili mpangaji ajue kilichobaki ni kipi. Akiona hawezi kuendelea naye, kwa sababu hata mzee ana watoto wa kusomesha, amwambie mapema na ampe muda wa kutafuta pengine.

Lakini kuna mambo mawili asiyafanye. La kwanza ni kung'oa mlango au kuezua bati juu ya watu, au kubadilisha kufuli mtu akiwa shambani. Ni dhulma, na sheria ya 2022 imekataza kumtoa mpangaji kwa nguvu bila amri ya mahakama. La pili limejificha zaidi: faini ya kuchelewa. Kodi iliyopita tarehe yake imekuwa deni. Ukisema kila wiki inayopita deni linapanda kwa elfu kadhaa na hizo elfu zinaingia mfukoni mwako, umeshafika kwenye ile riba ya zama za ujahiliya, kuongeza deni kwa ajili ya kuongeza muda. Watu wetu wengi wanaikwepa riba ya benki wakaikaribisha uani kwao.

Mpangaji naye asikimbilie aya ya 280 kama ana uwezo. Mtume (s.a.w.) amekuita kuchelewesha kwa mwenye nacho kuwa ni dhulma. Mwanafunzi aliyetumiwa pesa za hosteli na wazazi wake akanunua simu, kisha anamsomea mwenye nyumba Suratul-Baqara, anaicheza dini. Na ukipanga chumba cha mtu mmoja ukalaza wanne, umechukua manufaa usiyoyalipia, na choo kikijaa usimlaumu mzee.

Kwa Rubondo kuna suala jingine ambalo hatuwezi kulipita. Kabla ya kupangisha, mtu ajiulize kama anachopangisha ni chake. Kanuni za Wakimbizi za mwaka 2010 zinamruhusu mkimbizi kuitumia ardhi aliyogawiwa yeye na familia yake, na hazimruhusu kuiuza wala kuikodisha. Tunajua yanayofanyika, sisi sote tuna ndugu huko. Hata hivyo fiqhi nayo inasharti kwamba mkodishaji awe anayamiliki manufaa anayoyatoa. Kipande ulichopewa kwa amana kina mipaka ya aliyekupa, na mwenye shaka aulize ofisi ya kambi kabla hajapokea pesa ya mtu, kwa sababu siku ardhi itakapochukuliwa atakayekuwa nje na watoto ni mpangaji.

Kwa wanaolima mashamba ya kukodi kwa wenyeji wa Isingiro, Rafi' bin Khadij (r.a.) ametuachia mafunzo. Amesimulia kwamba watu wa Madina walikuwa wakikodisha mashamba kwa sharti kwamba mazao ya sehemu fulani, kama zile za kando ya mifereji, yawe ya mwenye shamba. Pengine sehemu hii inastawi na ile inakufa, basi mmoja anavuna na mwenzake anatoka mikono mitupu. Mtume (s.a.w.) akakataza hilo. Ama kukodisha kwa fedha inayojulikana, Rafi' alisema hakuna ubaya. Na watu wa Khaybar waliachiwa walime kwa nusu ya mazao yote, jua likiwaka linawaka kwa wote. Kwa hiyo anayesema "mahindi ya bondeni ni yangu, ya mlimani ni yako" amerudia kosa lilelile. Mgawane theluthi au nusu ya shamba zima, au mlipane shilingi.

Mwisho wa mkataba nao una adabu zake. Dipoziti ni mali ya mpangaji uliyoishika kwa masharti. Kaguaneni chumba pamoja, kata gharama ya kilichovunjwa kweli, na kinachobaki umpe siku hiyohiyo, usimwambie arudi baada ya mavuno. Rangi iliyofifia kwa miaka mitatu ya kukaliwa si uharibifu. Ibn Abbas (r.a.) alipoulizwa Musa alitimiza muda upi kati ya ile miwili, alijibu kwamba alitimiza ule mrefu zaidi. Hakuna aliyemlazimisha ile miaka miwili. Mzee wa Madyan aliipata kwa jinsi alivyoanza.

Wabillahi tawfiq.