Ndulele na Kufuli Tatu

Ndulele huota bila kupandwa na mtu: kandokando ya njia za Buswelu, kwenye vilima vya mawe vya Bwiru, kwenye viwanja ambavyo wenyewe hawajaanza kujenga. Ina miiba, na matunda yake yana sumu. Ua lake la zambarau halina maji matamu hata tone. Lina chavua tu, nayo imefungiwa katika vijifuko vya njano vyenye tundu dogo nchani. Nyuki wa asali hana ufundi wa kuitoa.

Anayeweza ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa kenchi za nyumba zetu. Hulikumbatia ua, mabawa yametulia, kisha hutetemesha misuli ya kifua mpaka chavua immwagikie tumboni. Ukiwa karibu utasikia mlio wake ukipanda ghafla. Huondoka na vumbi hilo hadi ua jingine, na ndulele inapata mbegu.

Wengi huishia hapo na kusifu urafiki wao. Lakini mfuate nyuki huyohuyo hadi kwenye maua marefu ya njano, yale ya tarumbeta, kwenye uzio wa jirani. Haingii mlangoni. Hutoboa ubavuni, hunyonya, huondoka bila kubeba chavua. Kwa ndulele ni mshenga, kwa jirani ni mwizi, na tabia yake haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni ua.

Je, wema wa namna hiyo ni wema?

Nauliza kwa sababu kikundi cha kuweka na kukopa cha mtaani kwetu kimenipendekeza nishike ufunguo. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu. Binamu yangu alicheka: “Kama wanakuamini, kufuli za nini?” Liliniuma. Nilitaka niaminiwe kwa moyo wangu, siyo kwa kuwa sina pa kutoboa.

Sasa nayashuku matakwa hayo. Mama anayesubiri ada ya Januari hana haja ya kuujua moyo wangu; ana haja ya kuikuta hela yake. Kumtaka aniamini bila kufuli ni kumbebesha hatari ili mimi nijione mwema. Tena nyuki hakuulizwa. Mimi nimeulizwa, na ninaweza hata kuomba kufuli liongezwe.

Nimekubali, kwa sharti moja. Ufunguo wa pili anao mama yangu mzazi. Nimeomba apewe mtu asiye wa nyumbani kwetu. Mama amenuna siku ya tatu leo.